Nilidai ahadi ya Mungu kwa ajili ya mama yangu, siku ikapita. Sasa nisalije?

MuuzaDagaa, Kirumba

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Naandika usiku, mama akiwa amelala, kwa sababu mchana sipati nafasi ya kukaa na jambo hili.

Mama yangu ana miaka 71. Mwaka juzi, mwezi wa nane, alianguka jikoni akiwa anakoroga uji. Kiharusi kilimlemaza upande wa kulia na kumnyang'anya maneno. Anaelewa tunachosema, hilo nina hakika nalo, lakini akitaka maji hutamka neno lisilohusika kabisa, au husema "hii, hii" huku machozi yakimlengalenga. Mimi ndiye kitinda mimba na ndiye ninayeishi naye hapa Kirumba, Mwanza, si mbali na Mwaloni ninakofanyia biashara ya dagaa.

Mwaka jana mwezi wa tano nilialikwa kwenye mkesha. Mhubiri, ambaye sitamtaja yeye wala kanisa lake kwa kuwa sikuja kumshtaki mtu, alitusomea Yeremia 29:11, lile neno la mawazo ya amani wala si ya mabaya, akatuambia kwamba ahadi ikishasomwa ni mali yako, kilichobaki ni kuidai na kuiwekea tarehe, na kwamba asiyeweka tarehe hajaamini. Nikaandika kwenye karatasi: mama atatembea Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tisa. Nilifunga siku 21. Nikampelekea fundi kitambaa, mama akashonewa gauni la kitenge la kuvaa siku hiyo.

Siku ilipofika nilimwogesha, nikamvalisha, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Nikaushika ule mkono wake wa kulia, uliojikunja kama mtu aliyefumbata sarafu, nikamwambia, "Mama, simama." Alinitazama usoni kwa muda mrefu. Kisha akajaribu, na sidhani kwamba alijaribu kwa kuamini. Alijaribu kwa sababu mwanawe alimwomba. Mguu uliteleza, akaniangukia begani, nikamrudisha kwenye kiti. Gauni lile liko sandukuni hadi leo. Nilipomweleza mhubiri aliniambia kwamba huenda kulikuwa na mlango wa shaka ndani yangu.

Tangu hapo sala imenikauka. Alfajiri nikiwa nageuza dagaa kwenye chanja husema Baba Yetu kama nilivyozoea tangu utoto, na nikifika kwenye Amina nashtuka kuona nimemaliza bila kumwambia Mungu chochote. Nikakumbuka onyo la Mathayo 6:7, "msipayuke-payuke", nikaona heri ninyamaze kuliko kumpigia Mungu kelele. Sasa ni miezi mitatu sijasali peke yangu. Ninachofanya ni kusali na mama jioni, maana yeye hakubali kulala bila sala, na hapo ndipo penye jambo linalonisumbua zaidi: mama huyu asiyeweza kusema "maji" anaisema Baba Yetu yote, mwanzo hadi mwisho, bila kukosea. Sijui kama anasali kweli au ni mdomo tu unaokwenda kwa mazoea, kama wangu.

Naomba mnisaidie. Mtu atajuaje kwamba ahadi fulani katika Maandiko ni yake? Na sala yenye maana ni ipi, ikiwa maneno yenyewe yamebaki sauti tu?

Mwalimu Mstaafu, Sengerema

Bwana asifiwe, binti yangu. Nimeisoma habari yako mara mbili kabla ya kuandika. Mimi ni mzee wa kanisa na nilifundisha historia kwa miaka mingi, kwa hiyo utanivumilia nikianza na andiko lenyewe, maana nadhani hapo ndipo ulipoumizwa.

Yeremia 29 ni barua. Iliandikwa Yerusalemu na kupelekwa kwa watu waliokuwa wamechukuliwa mateka hadi Babeli, na mstari unaotangulia ule uliosomewa unataja muda waziwazi: miaka 70. Tafakari maana yake kwa mama wa miaka 40 aliyekuwa akisikiliza barua ile ikisomwa. Alijua kwamba hatarudi. Ahadi ilikuwa ya kweli, naye alikuwa ndani yake, lakini angeipokea kupitia kwa wajukuu. Ndiyo maana barua hiyohiyo, mistari michache kabla, inawaambia wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, na wauombee amani mji ule waliokuwa wageni ndani yake. Mungu hakuwaambia wakae juu ya mabegi wakihesabu siku.

Sasa rudi nyuma sura moja. Katika sura ya 28 yuko nabii aitwaye Hanania, aliyesimama hekaluni mbele ya watu wote na kutangaza kwamba mambo yote yatarejea katika muda wa miaka miwili. Miaka miwili ni habari tamu kuliko 70, na hata Yeremia, alipomsikia, alijibu "Amina" na kutamani Bwana atende hivyo. Hakuwa mtu mwenye moyo mgumu. Naye aliitaka tarehe iliyo karibu. Lakini tarehe ile haikutoka kwa Mungu. Sisemi kwamba mhubiri wako ni Hanania, kwa kuwa simjui na nia yake siijui. Ninachosema ni kwamba katika Biblia kuna tofauti kati ya ahadi na tarehe ambayo mtu ameibandika juu ya ahadi, na tarehe ile ilipopita, kilichoanguka kilikuwa karatasi yako, mwanangu. Neno la Bwana halikuanguka pamoja nayo, na mlango wa shaka haukuhusika hata kidogo.

Kuhusu swali lako la ahadi ipi ni yako: mimi huuliza kwanza andiko liliandikiwa nani, lilimaanisha nini kwao, kisha linapita vipi kwa Kristo hadi kunifikia, kwa kuwa Paulo anasema katika 2 Wakorintho 1:20 kwamba ahadi zote za Mungu katika yeye ni Ndiyo. Ukilipitisha Yeremia 29:11 katika njia hiyo, linabaki kuwa lako. Litakuambia kwamba Mungu hajakusahau wewe wala mama yako, na kwamba mwisho wenu uko mikononi mwake, na katika ufufuo mama yako atasimama kwa miguu yake. Halitakuambia lolote kuhusu Jumapili fulani ya mwezi wa tisa.

Nikuongezee jambo moja la huku kwetu. Alexander Mackay, mmisionari Mskoti wa kanisa la Anglikana, alifukuzwa Buganda mwaka 1887 baada ya kukaa huko karibu miaka tisa, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa hili letu la Victoria, na huko akafa kwa homa Februari 1890 akiwa bado anaendelea na kazi ya kutafsiri. Kurudi Buganda hakurudi akiwa hai. Mabaki yake ndiyo yaliyopelekwa Namirembe, huko Buganda, mwaka 1927. Nilipokuwa nafundisha habari hiyo, kila mwaka nilikuwa nakumbuka Waebrania 11:13, juu ya wale waliokufa katika imani bila kuzipokea zile ahadi, wakiziona tokea mbali. Andiko haliwahesabu watu hao kuwa walishindwa kuamini. Linawaweka katika orodha ya walioamini.

Mtaalamu wa Mazoezi Tiba, Nyegezi

Tumsifu Yesu Kristo. Dada yangu, kazi yangu ni mazoezi tiba ya viungo na karibu kila siku namhudumia mtu aliyepata kiharusi, kwa hiyo naomba nijibu lile linalokusumbua zaidi.

Mama amelemaa upande wa kulia, maana yake sehemu iliyoumia ni upande wa kushoto wa ubongo, na kwa watu wengi huko ndiko lugha inakotegemea zaidi. Ndiyo maana anaelewa lakini neno analolitaka halimjii, au linakuja jingine. Lakini mambo ambayo mtu ameyasema maelfu ya mara tangu utoto, kama vile kuhesabu, siku za juma, nyimbo na sala, mara nyingi hubaki hata pale ambapo kutamka "maji" kumeshindikana. Tunaliona jambo hili mara kwa mara. Nimewahi kumhudumia bibi mmoja ambaye kwa wiki kadhaa hakutamka neno lolote la kueleweka, siku moja mjukuu wake akaanza Salamu Maria kando ya kitanda, bibi akaipokea katikati na kuimaliza.

Je, anamaanisha? Kwa upande wa kitabibu, kuisema vizuri peke yake hakuthibitishi kwamba anafuata kila neno, na sitakudanganya. Lakini umetuambia mwenyewe kwamba hakubali kulala bila sala. Mdomo unaokwenda kwa mazoea tu hauna shida ya kulala. Mama anaitaka sala, anaingoja, na inapofika anaingia ndani yake kwa maneno pekee ambayo kiharusi hakikumwibia. Kama hiyo si kusali, basi mimi sijui kusali ni nini.

Na hapa naomba nikupinge kidogo, kwa upendo. Umelichukua lile onyo la Mathayo 6:7 ukaligeuza kuwa fimbo ya kujichapia. Linawahusu wanaodhani kwamba wingi wa maneno ndio unaomfanya Mungu asikie, kana kwamba yeye ni mteja anayebembelezwa. Mistari miwili tu baadaye, Bwana mwenyewe anaanza kuwafundisha Baba Yetu, yaani sala ya kushika kichwani. Gethsemane, kwa mujibu wa Mathayo 26:44, aliomba mara ya tatu akisema maneno yale yale. Na msalabani alipolia "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?", alikuwa anatamka mwanzo wa Zaburi ya 22, sala aliyoikuta kwao. Mtu aliye katika maumivu makali hatungi. Anashika kilicho karibu. Nasi Wakatoliki tunaosali rozari tunalijua jambo hili kwa vidole: ziko jioni ambazo akili yangu imetangatanga kuanzia fumbo la kwanza hadi la tano, na nilichobaki nacho ni kwamba nilikuwa nimepiga magoti.

Sasa la kikazi, na tafadhali ulizingatie. Usimvute mama kwa mkono ule uliolemaa wakati wa kumnyanyua. Misuli ya bega imelegea na bega linaweza kuteguka. Simama upande wake dhaifu, mshike kiunoni au kwa mkanda, na akiwa ameketi uegemeze mkono ule juu ya mto. Katika mazungumzo, mpe vitu viwili achague, kikombe cha maji na kikombe cha chai, umwonyeshe huku ukivitaja, naye aelekeze kwa mkono wa kushoto. Na mwimbieni nyimbo anazozijua, nanyi mkifika mwisho wa mstari mnyamaze mngoje, aumalizie mwenyewe.

Kijana wa Maombi, Igoma

Shalom, dada. Mimi ni Mpentekoste na nimelelewa katika mikesha kama ule uliohudhuria, na nimeyasoma maneno ya Mwalimu kwa heshima. Kuhusu tarehe nakubaliana naye, na nimehuzunika kwamba mtu alikutwisha lawama ya shaka, maana mtu aliyeleta mwana mwenye pepo kwa Yesu alisema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" na mwanawe akaponywa.

Hata hivyo naogopa kwamba kwa kuikimbia tarehe utaukimbia na ujasiri. Danieli 9 inasema kwamba alivisoma vitabu, akaiona ile miaka 70 ya Yeremia. Alikuwa na ahadi na alikuwa na hesabu yake. Angeweza kukunja mikono akangoja. Badala yake alifunga, akavaa nguo za magunia, akaomba, tena sehemu kubwa ya ombi lake ni toba na kumkumbusha Mungu rehema zake. Kwake ahadi ilikuwa sababu ya kuomba. Yule mjane wa Luka 18 naye hakuacha kwenda kwa kadhi kwa kuwa siku fulani ilipita. Kwa hiyo usiache kumwomba Mungu amponye mama yako. Omba kwa nguvu. Mwambie unataka asimame. Kisha sema kama wale vijana watatu wa Danieli 3 mbele ya tanuru, "Bali kama si hivyo". Waliamini kwamba Mungu wao aweza, wakasema wazi kwamba hata asipofanya hawataisujudia sanamu, na hakuna mahali Maandiko yanapowakemea kwa kusema hivyo.

Mvuvi wa Zamani, Ukerewe

Salaam, binti. Mimi sina elimu kama hao waliotangulia, nitasema ninachokijua.

Nilivua dagaa miaka 26, tangu enzi za karabai hadi hizi taa za betri za siku hizi. Wewe muuza dagaa unajua kwamba mwezi ukiwa mpevu tunakaa nchi kavu, kwa sababu ziwa lote lina mwanga na taa yetu haiwavuti samaki. Siku hizo kijijini hakuna pesa, watoto wanauliza, nasi tunashona nyavu. Nilipokuwa kijana na deni la mashine, niliwahi kuingia ziwani usiku wa mbalamwezi kwa sababu nilikuwa nimemwambia aliyenikopesha kwamba nitamlipa Jumatatu, na nilikuwa nimeomba sana. Nilirudi na karai moja. Mafuta niliyochoma yalizidi thamani ya wale dagaa. Baba yangu alinikuta ufukoni asubuhi, hakunigombeza, alikaa tu kwenye mchanga akachukua upande mmoja wa wavu na kuanza kuushona pamoja nami.

Nalipenda sana lile neno la Petro katika Luka 5, "tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu". Wengi hukimbilia samaki waliojaa mashua mbili. Mimi husimama hapo kwanza. Petro alimwambia Bwana ukweli kwamba usiku haukutoa kitu, kisha ndipo akasema "lakini kwa neno lako". Wewe umemwambia Mungu kwamba usiku wako haukutoa kitu? Au ulinyamaza tu, ukamnunia? Nauliza kwa sababu mimi nilimnunia mwaka mzima mke wangu alipofariki, na siku niliyomwambia wazi kwamba nimechoka naye, niliogopa nyumba itaniangukia. Haikuniangukia. Nililia hadi kukapambazuka, na tangu hapo nikaweza kusali tena, ingawa sala zangu ni fupi.

MuuzaDagaa, Kirumba

Wapendwa, nimekaa siku nne bila kujibu kwa sababu nilitaka kufanya kwanza, ndipo niseme.

Baba Mwalimu, nimesoma sura ya 28 na ya 29 pamoja, kwa sauti, mama akisikiliza. Nilipofika penye kupanda bustani mama alicheka, sijui kwa nini. Labda alikumbuka mchicha wake wa Igogo tulikokuwa tukiishi zamani. Ile karatasi ya tarehe nilikuwa bado ninayo ndani ya Biblia. Nimeitoa.

Mzee wangu wa Ukerewe, ulilosema ni kweli, nilikuwa nimemnunia. Juzi alfajiri kwenye chanja, kabla wenzangu hawajafika, nilimwambia. Nilimwambia kwamba nilimfedhehesha mama yangu mlangoni kwa jina lake yeye, kwamba nina hasira, na kwamba kitu kinachoniuma kuliko vyote ni jinsi mama alivyojaribu kusimama ili mimi nisiaibike. Sikuwa na andiko lolote mdomoni. Nilisema hivyo na dagaa nikawageuza. Sikusikia sauti, wala moyo haukujaa furaha kama watu wanavyoshuhudia, lakini nilijua kwamba nimesema na mtu.

Jioni tukasali kama kawaida. Nilipofika "Mapenzi yako" koo lilikaba, sikuweza kuendelea, nikanyamaza. Mama akasema "yatimizwe". Kisha akanyamaza naye, akaninyooshea mkono wa kushoto, akaushika wangu, na hakuendelea hadi mimi nilipoweza kuendelea. Kwa miezi yote nilikuwa nikidhani mimi ndiye ninayemsalisha.

Ndugu yangu wa Igoma, bado nataka asimame, na nitaomba kama ulivyosema, pamoja na "bali kama si hivyo" yake. Jumapili nitamvalisha lile gauni na kumkalisha mlangoni aone watu wakipita kwenda ibadani.

Nawe ndugu wa mazoezi tiba, naomba unifafanulie kidogo habari ya bega, kwa maana nilimvuta mkono ule siku ile na tangu hapo hulalamika akigeuzwa usiku. Je, ule mto uwekwe chini ya kiwiko pekee, au ubebe mkono mzima hadi vidoleni? Na akilala upande, alalie upi? Wabeja sana, nyote.

Mtaalamu wa Mazoezi Tiba, Nyegezi

Ubebe mkono mzima, dada, kiwiko hadi vidole, kiganja kikiwa kimefunguka kadiri kinavyokubali bila kulazimishwa. Akilalia upande wa kushoto, ule wenye nguvu, mkono dhaifu uwe mbele yake juu ya mto. Upande wa kulia anaweza pia kulalia kwa muda, ilimradi bega livutwe mbele kwa upole na lisibanwe chini ya mwili. Kwa kuwa maumivu yameshakaa muda mrefu, mpeleke hospitali bega lipimwe kabla ya kuanza zoezi lolote jipya.